Mashine ya labo ikitengenezwa, wagonjwa nao waitwe warudi



Kila mama anayenunua unga wa bukari hapa Kalemie anajua kuchungulia ndani ya meka kabla ya kutoa franka zake. Anajua kuna wauzaji wanaobonyeza kitako cha kopo kiingie ndani, ili unga uonekane umejaa kumbe umepungua. Akigundua hila hiyo hanyamazi. Anataka meka nyingine, na anataka unga wake upimwe tena mbele ya macho yake. Sokoni tunadai hivyo bila haya. Kwenye labo ya hospitali hatudai kabisa.

Mashine inayopima damu nayo ni meka. Kuna siku inapunguza na kuna siku inazidisha, na mgonjwa aliyekaa kwenye benchi la nje hana namna ya kuchungulia kitako chake. Anapewa karatasi yenye namba, anaipeleka kwa munganga, na munganga anaamua: mtoto huyu awekewe damu, yule aende nyumbani na vidonge.

Maoni yangu ni haya. Ikigundulika kwamba mashine ilikuwa inatoa namba zisizo za kweli, kuitengeneza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kurudi kwenye daftari, kupitia kila jibu lililotoka tangu siku ya mwisho mashine ilipothibitishwa kuwa sawa, na kuwatafuta wenye majibu hayo. Hospitali, kituo cha afya au shirika linaloishia kwenye nusu ya kwanza limeisaidia mashine, halijamsaidia mgonjwa.

Namba inazaliwa wapi

Tuchukue kipimo ambacho karibu kila mzazi hapa amekisikia, kipimo cha wingi wa damu, yaani hemoglobini. Fundi wa labo anachukua damu kidogo na kuichanganya na reaktifu, ile dawa inayobadilisha rangi. Kisha mashine inapitisha mwanga ndani ya mchanganyiko huo. Damu nzito inameza mwanga mwingi, damu hafifu inaacha mwanga upite.

Lakini mwanga peke yake si namba. Mashine lazima kwanza ifundishwe. Fundi anaipa dawa ya mfano iliyotoka kiwandani, na karatasi ya kiwanda inasema dawa hiyo ina kiasi gani, tuseme gramu 12 kwa desilita. Fundi anaiandikia mashine: mwanga huu maana yake ni 12. Toka hapo mashine inahesabu majibu ya watu wote kwa kuyalinganisha na mfano ule. Kazi hiyo ya kuifundisha mashine ndiyo mafundi wanaiita kalibrasio.

Boksi jipya la dawa ya mfano linaweza kuja na kiasi tofauti na boksi la zamani. Sasa fikiria fundi aliyekesha zamu ya usiku. Umeme wa kutoka Bendera umekatika na kurudi mara mbili asubuhi hiyo, na foleni ya akina mama imefika mlangoni. Anafungua boksi jipya lenye 12, lakini anaiandikia mashine 14, namba ya boksi la zamani. Mashine haibishi wala haipigi kelele. Inatii.

Tufanye hesabu pamoja. Huu ni mfano wangu, si habari ya hospitali yoyote. Tangu dakika ile kila jibu linazidishwa kwa 14 na kugawanywa kwa 12. Mtoto ambaye damu yake kwa kweli ni 4,5 anaandikiwa 5,25. Mama mjamzito mwenye 10 anaandikiwa 11,7.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Lakini Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri kwamba katika maeneo yenye malaria nyingi, mtoto aliyeshuka chini ya gramu 5 awekewe damu. Mtoto wetu wa 4,5 amevushwa upande wa pili wa mstari huo bila damu yake kuongezeka hata tone. Na mama mjamzito anahesabiwa kuwa amepungukiwa damu akiwa chini ya 11. Yule wa 10 ataambiwa damu yake ni nzuri, naye atarudi kubeba maji na kuni akiamini hivyo, hadi siku ya kujifungua, siku ambayo mtu hapaswi kuingia na damu pungufu.

Kosa likigeukia upande mwingine nalo lina bei yake. Mashine inayopunguza itamfanya mtoto asiyehitaji damu awekewe. Damu hiyo mara nyingi imetoka kwenye mkono wa baba au shangazi, na kila mfuko wa damu una hatari zake hata ukipimwa vizuri.

Munganga mzuri haangalii karatasi peke yake. Anaangalia viganja, macho, namna mtoto anavyopumua. Hilo linaokoa wengi. Lakini tukumbuke kwamba karatasi inaombwa hasa pale ambapo macho ya munganga yana shaka. Ikiwa karatasi inapotosha wakati huo, inapotosha wakati inapohitajika zaidi.

Kusahihisha si kufuta

Kwa bahati nzuri dunia ilishapata njia ya kuikamata mashine inayopotosha. Mwaka 1950 Wamarekani wawili, Levey na Jennings, walionyesha kwamba labo inaweza kujichunguza kwa kuchora majibu yake kwenye karatasi kama nukta juu ya mistari. Siku hizi labo inapima kila siku sampuli ileile inayojulikana kiasi chake. Sampuli hiyo tunaiita kontroli. Nukta zikibaki karibu na mstari wa katikati, mashine iko sawa. Nukta ikiruka mbali, au zikianza kupanda kidogo kidogo siku baada ya siku, kuna jambo. Mwaka 1981 Mmarekani mwingine, James Westgard, alizipanga vizuri kanuni za kusoma nukta hizo: ipi ni onyo, na ipi inataka kazi isimame.

Kontroli inagharimu reaktifu kidogo na dakika chache za asubuhi. Lakini inataka pia moyo wa kukubali inachosema, na hapo ndipo wengi tunateleza.

Kuna njia tatu za kuifanya nukta irudi kwenye mstari bila kutengeneza kitu. Ya kwanza ni kurudia kontroli mara tatu au nne hadi moja iangukie mahali pazuri, kisha kuandika hiyo tu. Ya pili ni kuzungusha namba ndani ya mashine, kuongeza au kupunguza kidogo, hadi kontroli itoe jibu linalotakiwa, bila kujua ni nini kilichoiharibu. Ya tatu ni kufuta kipimo kimoja cha dawa ya mfano kwa sababu hakikubaliani na vingine, bila kuuliza kwa nini hakikubaliani. Zote tatu zinafanana na kubonyeza kitako cha meka: anayeangalia kwa juu anaona kopo limejaa.

Kusahihisha kwa haki kuna mpango wake, na si siri ya wataalamu. Kwanza, kazi ya kutoa majibu inasimama. Pili, fundi anatafuta chanzo. Je, namba ya boksi iliyo ndani ya mashine ndiyo iliyo kwenye boksi? Je, dawa imepita tarehe yake? Nyingi za dawa hizi zinataka kukaa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8. Je, friji ilizima usiku? Vioo vya kupimia ni safi? Maji yaliyotumika ni yale yanayotakiwa? Tatu, chanzo kikipatikana, mashine inafundishwa upya kwa dawa nzuri, kisha kontroli inapimwa: ya chini, ya kati na ya juu. Nne, sampuli za wagonjwa ambazo bado zimehifadhiwa vizuri zinapimwa tena, ili ijulikane tofauti ilikuwa kubwa kiasi gani. Na tano, kila hatua inaandikwa kwenye daftari na tarehe, saa na jina la aliyefanya. Namba ya zamani inabaki inasomeka. Inapigwa mstari mmoja, na namba mpya inaandikwa kando yake. Anayefuta kabisa anamnyima mwenzake wa kesho nafasi ya kuelewa kilichotokea.

Kuna swali moja nzuri hapa. Ikiwa tunajua kosa ni 14 mahali pa 12, si tuchukue majibu yote ya zamani, tuyazidishe kwa 12 na kuyagawanya kwa 14, tumalize? Hesabu hiyo inasaidia kujua nani wa kumtafuta kwanza. Mtoto wa 5,25 atarudi kuwa 4,5 kwenye daftari, na hapo utajua kwamba huyo hatungojei. Lakini hesabu haiwezi kuchukua nafasi ya kumwona mtoto. Huenda chanzo hakikuwa kimoja. Huenda kosa lilianza katikati ya siku, si asubuhi. Na hata namba ya juzi ikiwa imesahihishwa vizuri, ni namba ya juzi. Malaria haingoji, na damu ya mtoto ya leo si lazima iwe ile ya juzi.

Bukavu na Marekani

Wapo watakaosema haya ni mambo ya nchi tajiri. Twende Bukavu, jirani zetu wa kaskazini.

Mwaka 2006 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilikuwa na vituo vya kupima virusi vya ukimwi mjini Bukavu. Utaratibu uliokuwa ukitumika ni ule uliokubaliwa na OMS: vipimo viwili vya haraka, na vyote viwili vikisema ndiyo, mtu anahesabiwa kuwa na virusi. Shirika lenyewe lilianza kuwa na wasiwasi na majibu yake. Likarudi kuyapitia. Kati ya Januari na Mei mwaka huo watu 2864 walipimwa, na 229 walikuwa na ndiyo mbili. Damu ya hao 229 ilipopelekwa kwenye kipimo kigumu zaidi, 24 kati yao ilionekana hawakuwa na virusi. Ni karibu mtu mmoja kwa kila kumi.

Hapo haikuwa mashine ya hemoglobini, vilikuwa vijiti vya haraka. Lakini fundisho ni lilelile. Jibu la labo lilikuwa limeandikwa, limekubaliwa na utaratibu wa dunia, na kwa baadhi ya watu halikuwa kweli. Kilichowaokoa watu hao ni mtu aliyethubutu kulitilia shaka jibu la nyumba yake mwenyewe, na kituo kilichoongeza kipimo cha kuthibitisha. Wenyewe waliyatangaza matokeo hayo mwaka 2009 katika jarida la kitaalamu ambalo kila mtu anaweza kulisoma. Sijaona kwamba MSF walipoteza heshima yao kwa sababu hiyo. Kwangu waliiongeza.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani, tuone upande wa pili. Kampuni inayoitwa Magellan Diagnostics ilikuwa inatengeneza mashine za kupima madini ya plombo ndani ya damu ya watoto. Plombo ikizidi inaharibu akili ya mtoto. Kwa damu iliyotolewa kwenye mshipa, mashine hizo zilikuwa zinaweza kutoa namba ndogo kuliko ukweli. Mwezi Mei 2017 idara ya serikali inayosimamia dawa, FDA, ilitoa onyo kwa nchi nzima, na wataalamu wa afya wakashauri watoto wa chini ya miaka 6 na akina mama wajawazito au wanaonyonyesha waangaliwe kama wanahitaji kupimwa tena. Baadaye ilijulikana kwamba ndani ya kampuni kasoro ilikuwa imeonekana tangu 2013. Mwaka 2024 kampuni ilikubali makosa mbele ya sheria, na ikakubali kulipa dola milioni 42.

Ndugu zangu, tazameni adhabu ilimfuata nani. Mashine kuwa na kasoro ni jambo linalotokea kila mahali. Kilichoipeleka kampuni ile mahakamani ni kuijua kasoro na kuinyamazia, huku watoto wakiendelea kupimwa.

Kanuni ziko upande wetu

Tunalolidai hapa limeandikwa. Kanuni ya kimataifa ya labo za matibabu, inayoitwa ISO 15189, inataka kwamba kontroli ikishindwa, labo ichunguze majibu ya wagonjwa yaliyotoka tangu kontroli ya mwisho iliyofaulu. Inataka pia kwamba jibu likibadilishwa baada ya kutolewa, aliyelipokea ajulishwe, na jibu la kwanza libaki kwenye kumbukumbu. Mwezi Julai 2009, mjini Kigali, ofisi ya OMS ya Afrika ilizindua mpango wa kuzipandisha labo za bara letu ngazi kwa ngazi, kwa nyota kutoka sifuri hadi tano, ili hata labo ndogo ianze mahali ilipo badala ya kungoja iwe kama ya Ulaya.

Na nyumbani kwetu, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 24 kwamba kila mtu ana haki ya kupata habari, na katika kifungu cha 47 kwamba haki ya afya inalindwa. Mimi si mwanasheria. Lakini nikiunganisha vifungu hivyo viwili, sioni habari inayomhusu mtu kuliko namba ya damu ya mtoto wake.

Mtu aliyehama anatafutwaje?

Hapa ndipo jambo hili linatugusa sisi wa Tanganyika kuliko wengine. Tangu vita kati ya Wabantu na Watwa ilipopamba moto mwaka 2016, mji wetu umepokea familia nyingi zisizo na avenyu wala namba ya nyumba. Mwaka 2017 tuliona Katanika na Kalunga zikijaa vibanda vya nyasi na hema. Mwaka 2025 tena wengine walifika kwa mitumbwi na maboti kutoka upande wa Uvira na Fizi. Wengine wamerudi vijijini, wengine wamehama mara ya tatu, wengine wanalala kwa ndugu, watu kumi ndani ya chumba kimoja.

Kwenye daftari la labo mtu kama huyo anaandikwa jina moja, umri wa kukadiria, na neno «mkimbizi». Siku labo itakapotaka kumtafuta, itamtafuta wapi? Kwa hiyo kumpata mgonjwa kesho kunaanza leo, wakati wa kumwandika. Jina lake na jina la mama yake. Kambi, bloku, au jina la mwenye nyumba aliyempokea. Namba ya simu ya jirani ikiwa yeye hana. Hilo halitaki mashine wala mradi. Linataka bic na subira.

Na tuna njia zetu za kuwafikia watu. Tuna wareko, wale wajumbe wa afya wanaopita mlango kwa mlango na kujulikana na kila mtoto. Tuna kamati za kambi, machifu wa mitaa, makanisa na misikiti. Na tuna redio. Tangazo la namna hii halichukui dakika moja, na linaweza kusomwa kwa Kiswahili, Kiluba, Kitabwa na Kibembe:

«Mtoto yeyote aliyepimwa wingi wa damu kwenye kituo fulani, kuanzia siku ya pili hadi siku ya tano ya wiki hii, arudishwe pamoja na karatasi yake. Mashine ilikuwa na kasoro na imetengenezwa. Kipimo kitarudiwa bila malipo. Mtoto aliyelegea, anayepumua kwa shida au aliyepauka viganja asingoje kesho.»

Tangazo hilo halimtaji mtu, halisemi ugonjwa wa mtu, halimwaibishi fundi. Majina yanabaki kwenye daftari, na wareko wanabeba ujumbe wa kila nyumba kimya kimya. Kwa vipimo vya siri kama ukimwi, redio isiguse kabisa. Hapo anayetafuta awe yule mshauri aliyempokea mtu mara ya kwanza.

Na hilo neno «bila malipo» lisisahaulike. Baba anayebeba mizigo bandarini hawezi kulipa mara mbili kwa kosa ambalo si lake.

Wanaosema tunyamaze

Najua majibu yatakayokuja, na ni ya kweli kwa sehemu yake, kwa hiyo tuyapokee kwa heshima.

La kwanza: tukitangaza, watu wataogopa labo, watakimbilia dawa za mtaani. Hofu hiyo ninaielewa. Kipindupindu kimetufundisha hapa Kalemie uvumi unavyoenda haraka kuliko gari la wagonjwa. Lakini uvumi unakula kimya. Mama aliyeambiwa damu ya mtoto ni nzuri, kisha mtoto akazidiwa usiku, tayari ana habari yake, na ataisimulia kisimani bila maelezo ya mtu yeyote. Akiitwa na kuelezwa, ataondoka na habari nyingine: pale wakikosea wanakutafuta.

La pili: hatuna njia, hatuna reaktifu, mradi ulioleta mashine umefunga na fundi aliyefundishwa ameondoka. Hilo ni gumu zaidi, na lawama yake isibebwe na fundi peke yake. Anayeleta mashine bila kontroli za kutosha, bila mtu wa kuitengeneza, ameleta nusu ya zawadi. Lakini tuangalie hesabu. Labo inayopima watu 30 kwa siku, ikipima kontroli kila asubuhi, kosa likionekana itatafuta watu 30. Labo hiyohiyo ikikaa wiki nne bila kontroli, ikifanya kazi siku 6 kwa wiki, itatafuta watu 720. Umaskini ndio sababu ya kupima kontroli kila siku. Sisi ndio hatuwezi kumudu kutafuta watu 720.

La tatu linasemwa kwa sauti ya chini: fundi akikiri, atafukuzwa. Hili wakuu wa kazi walisikie. Ukimfukuza aliyesema, waliobaki watajifunza kunyamaza, na mashine ya pili itakosea miezi mitatu kabla hujajua. Fundi aliyeandika kosa lake kwenye daftari saa ileile amefanya kazi yake. Wa kuadhibiwa ni yule aliyefuta.

Tunachokiomba

Kwa wakuu wa hospitali, wa zone za afya na wa mashirika yanayotusaidia, naomba mambo manne yasiyo makubwa. Karatasi ya kontroli ya kila siku ibandikwe ukutani, mahali ambapo mgonjwa anaweza kuiona, hata kama haelewi kila nukta. Daftari la mashine lioneshe tarehe ya kila kalibrasio na namba ya boksi lililotumika, na mtu wa pili asome namba hiyo kabla ya jibu la kwanza kutoka. Kasoro ikipatikana, orodha ya watu wa kutafutwa iandikwe siku hiyohiyo, wakianza watoto, wajawazito, na wale ambao namba zao ziko karibu na mstari wa uamuzi. Na kipimo cha kurudia kiwe bure.

Vilevile kwa wale wanaopima klorini kwenye mabomba ya kambi. Inatakiwa ibaki angalau miligramu 0,5 kwa lita pale bombani, na 0,2 ndani ya bidoni nyumbani. Kile kifaa chao nacho ni meka. Kikikosea, akina mama warudiwe na waambiwe, kwa maana maji yaliyosemekana ni salama yamekwisha kunywewa.

Kwenu wazazi, iwe mnakaa mjini miaka yote au mlifika juzi na mkeka kichwani: tunzeni karatasi ya labo, msiifungie ndakala. Someni tarehe na namba iliyo juu yake. Toeni jina lenu kamili na mahali mnapolala, hata kama ni kwa wiki moja. Na mkiona mtoto anazidi kulegea wakati karatasi inasema ni mzima, mwaminini mtoto, mrudi. Muulize kwa adabu: «Fundi, mashine ilipimwa leo?» Fundi mwema hatakasirika. Atakuonyesha ukutani.

Sokoni tunaulizana hivyo kila siku kwa ajili ya kopo la unga. Damu ya mtoto haiwezi kuwa na haki ndogo kuliko unga.